Wakae au Watoke

Mimi nina hasira, sikatai. Mke wangu husema nilizaliwa nimekunja uso, mkunga akaniomba radhi. Nimekuwa mpima pamba wa chama chetu cha msingi cha wakulima, huku Kishapu, misimu mingi kiasi kwamba watu wamesahau jina langu na kuniita Mpima tu. Kazi yangu ni kusimama mlangoni mwa ghala, kuzamisha mkono ndani ya furushi hadi kwapani kutafuta mchanga, kusoma mizani na kufoka. Kwa maana wapo watu, tena wa kukaa viti vya mbele kanisani, wanaomwagia pamba maji alfajiri ili iwe nzito. Ukiwashika wanasema ni umande. Umande gani mwezi wa saba, jamani?

Lakini leo sisemi habari ya pamba. Nasema habari ya binti yangu, na siku tulipobishana pale ghalani kama majeshi ya kigeni yaliyoko Kongo yaondoke au yakae. Binti yangu yumo katika majeshi hayo. Ni muuguzi wa jeshi, kazi yake kufunga majeraha. Wengine walipokuwa wanabishana habari ya redioni, mimi walikuwa wananibishania mtoto.

Ni kitinda mimba wetu, wa kike peke yake baada ya kaka wanne. Alipomaliza shule alikwenda mafunzo ya kijeshi, tukadhani atarudi baada ya miezi, kumbe akaajiriwa huko huko. Kijijini wakaanza kunitania. "Mpima, wenzako wanangoja ng'ombe wa mahari, wewe wako wamevaa buti!" Wakanibatiza Baba Soja. Nilifoka, nikazoea, na siku hizi mtu asiponiita hivyo nahisi amenuna.

Alipokuwa mdogo alikuwa na tabia moja. Msimu wa mavuno nyumba zetu hujaa pamba, chumba kizima hadi juu ya dirisha, kabla haijapelekwa ghalani. Yeye alikuwa anapotea mchana, tunamwita, tunamtafuta kisimani, kumbe kajichimbia ndani ya pamba amelala. Anatoka ana nyuzi nyeupe kichwani kama bibi kizee, anacheka. Nami namfokea, kisha nakaa chini namchambua nywele, uzi mmoja mmoja. Hadi leo nikiona pamba kwenye nywele za mtoto wa mtu, nageuza uso. Siwezi.

Sasa nieleze kosa langu, maana bila hilo hamtanielewa.

Aliposema anapelekwa Kongo, nilikataa. Nilimwambia kwenye simu vita vile si vya baba yake wala vya babu yake. Akasema, "Baba, mimi siendi kupigana, naenda kutibu." Nikamwambia risasi haiulizi kazi ya mtu. Nikakata simu. Wiki moja baadaye akaja mwenyewe kuaga, kwa bodaboda kutoka Shinyanga mjini, saa nne asubuhi, msimu umepamba moto na foleni ya mikokoteni imefika hadi barabarani.

Akanijia pale pale kwenye mizani. "Shikamoo, baba. Nimekuja kuaga."

Mizani zetu siku hizi ni za namba nyekundu. Furushi likiwekwa, zile namba hucheza kwanza, zinapanda, zinashuka, mpaka zitulie. Mimi nilikazia macho zile namba. Niliitikia marahaba kwa midomo, sikuinua kichwa. Akasimama. Namba zikacheza. Akasema, "Baba." Zikatulia.

"Kilo arobaini na mbili," nikamwambia karani. "Lete jingine."

Akangoja na lile jingine, na la tatu. Kisha yule wa bodaboda akapiga honi. Nikasikia anasema taratibu, "Haya baba, wabeja," yaani asante, na sijui alikuwa ananishukuru nini. Nilipoinua kichwa niliona mgongo na begi.

Katika ukoo wetu mtu wa safari ndefu hutolewa. Baba yake hutembea naye hadi njia panda, anakunywa funda la maji kutoka kwenye kibuyu, anampulizia kifuani, anamwambia nenda urudi. Mimi nilitolewa hivyo nilipokwenda kufanya kibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Shinyanga mjini tu hapo, mwendo wa asubuhi moja. Baba yangu alinipulizia maji hadi shati likalowa. Mimi binti yangu namtoa kwenda kwenye vita kwa kumsomea kilo.

Siku hiyo mke wangu hakunipa chakula mkononi, aliweka chini akaondoka. Baadaye akarudi akasimama mlangoni.

"Hujamtoa mtoto," akasema. "Hajatoka yule. Atarudije mtu ambaye hajatoka?"

Nikamwambia ugali haujaiva.

Basi ukawa zaidi ya mwaka. Nyuma ya ghala kuna kichuguu kikubwa, na huku kwetu mtandao unashika vizuri juu yake tu. Kila Jumapili mchana, baada ya ibada, nilipanda pale na simu yangu, kofia kichwani, na watu walijua wasinisumbue. Akipiga, tunaongea. "Shikamoo baba." "Marahaba." "Pamba imekuwaje?" "Ipo." "Yule mbuzi mwenye pembe moja?" "Kazaa." "Mama?" "Mzima, analalamika." Kisha nasikia upepo wa kwake na yeye anasikia wa kwangu. Kila Jumapili nilipanda nimedhamiria kusema, nisamehe mwanangu sikukutoa, na kila Jumapili nilishuka nimeongelea mvua. Mdomo unaofokea kijiji kizima, hapo unakuwa wa mbao. Nilimkumbuka jamani. Nilimkumbuka kila siku, na nilikuwa nikiulizwa habari zake nasema yuko kazini, kama vile yuko Mhunze, hapo tu makao ya wilaya.

Pale ghalani kuna mama mmoja anapika chai na mihogo. Tunamwita Mama Pacha kwa sababu ana mapacha. Ni Mkongo. Walivuka ziwa miaka mingi iliyopita, yeye na mumewe, na mume sasa yuko Geita kwenye machimbo, anarudi anapopata. Kiswahili chake ni cha kwao. Siku moja msimu ulipoanza alinifuata na kikombe cha chai ambacho sikuagiza. Akasema mama yake mzazi amebaki kule, kakataa kuhama, anauza unga wa muhogo kando ya njia, na simu yake wakati mwingine inaita wakati mwingine haiiti. Akaniomba binti yangu amsalimie, kama atapita karibu. Nikamjibu, "Mama Pacha, binti yangu hakwenda kule kugawa salamu." Akasema, "Sawa, baba." Akaacha ile chai. Niliinywa, na ilinikaa vibaya.

Sasa siku yenyewe. Lori la kuchukua pamba lilikuwa limechelewa siku ya tatu. Ghala limejaa hadi kwenye paa, siwezi kupokea hata furushi moja, na wakulima wamejaa uwanjani na mikokoteni yao, ng'ombe wamefunguliwa, watu wamekaa juu ya mafurushi wanakunywa chai ya Mama Pacha. Mtu akiwa hana kazi huku kwetu anawasha redio. Simu ya mmoja ikasema kwamba wakubwa wa nchi wanakutana kuzungumza kama majeshi ya kigeni yaondoke Kongo. Ikasema kidogo tu, ikaingia kwenye muziki.

Wote wakanitazama, kisha wakajifanya hawakunitazama.

Wa kwanza kusema alikuwa mtu wa makamo aliyerudi kutoka Geita kulima baada ya duara lake, lile shimo la dhahabu, kujaa maji. "Watoke," akasema. "Mimi nimekaa machimboni. Duara likiwa na ugomvi mnaweka mlinzi. Mwezi wa kwanza analinda. Mwezi wa sita anauliza mgao wake uko wapi. Mgeni mwenye bunduki akikaa sana kwenye dhahabu ya watu, tayari amekuwa mchimbaji."

"Binti yangu hachimbi!" nikamkatiza.

"Sijasema binti yako, Baba Soja. Nasema majeshi."

"Majeshi yana watu ndani yake, bwana! Unadhani yanajiendea yenyewe kama trekta?"

Watu wakacheka. Akainuka mwalimu mstaafu, mtu mwembamba anayevaa koti hata jua likiwa la utosi. Yeye alisema wakae. Alisema aliwahi kufundisha kule magharibi, karibu na mpaka, miaka ile watu walipokuwa wanavuka kwa miguu na magodoro kichwani, na alipanga watoto mia darasa moja, wengine hawajui wazazi wao wako wapi. "Jirani yako nyumba yake ikiungua," akasema, "humwambii zima mwenyewe ni yako. Na ukishaanza kumwaga maji huweki ndoo chini katikati."

"Wamemwaga maji miaka mingapi, mwalimu?" yule mchimbaji akauliza. "Moto umezimika?"

"Haujazimika. Ndiyo maana nasema ndoo isiwekwe chini."

"Au ndoo ina mafuta ya taa!"

Hee! Uwanja ukachachamaa. Kila mtu ana lake. Mmoja anasema Wakongo wenyewe wanawachukia wageni, mwingine anasema wanawachukia wakiwepo na kuwalilia wakiondoka. Na mimi nikapaza sauti kuliko wote. Nilisema watoke. Watoke leo, watoke na viatu vyao. Nikasema kila nchi ina wanaume wake. Nikasema wakubwa wanaokutana wangekuwa na binti mmoja mmoja kule mkutano ungekwisha kabla chai haijapoa. Nilipiga bati la mlango wa ghala kwa kiganja hadi ng'ombe wakashtuka.

Wakati wote huo Mama Pacha alikuwa amechutama mbele ya moto wake anakoroga chai. Hakuna aliyemuuliza. Mkongo pekee uwanjani, tunabishana habari ya kwao, na tunachomwambia ni ongeza sukari.

Ndipo mtu akasema, "Tuamue kama mbina." Mbina ni ngoma zetu za baada ya mavuno. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, kila moja na manju wake wa kuongoza nyimbo na dawa zake na vituko vyake, na hakuna jaji. Mtazamaji anakwenda kusimama anakovutwa. Mwishowe wenye watu wengi ndio washindi. Miguu ndiyo kura, na kila mtu anakuona ulikoenda. Basi wakasema, wa watoke wasimame mizanini kwa Mpima. Wa wakae waende kule kwenye moto wa chai.

Watu wakaanza kunyanyuka. Nilitegemea wagawane, maana nilikuwa nimewasikia kwa masikio yangu, nusu nzima walisema wakae. Lakini walikuja kwangu. Mmoja mmoja, wanawake kwa wanaume, wanakuja upande wa mizani, na kila anayefika ananigusa bega au anainamisha kichwa kidogo, kama watu wanavyoingia kwenye nyumba ya msiba. Wakaja wote. Hata mwalimu, na koti lake, akaja akasimama nyuma yangu. Nikageuka nikamwambia, "Wewe si ulisema wakae?"

Akakohoa. "Nitasemaje wakae, Baba Soja, nikikutazama machoni?"

Nikaelewa. Hawakuwa wamekuja kwa ajili ya Kongo wala kwa ajili ya dhahabu. Walikuwa wananionea huruma. Kwa watu wangu ni aibu kusimama hadharani upande unaombakiza mtoto wa mwenzako vitani, huku mwenzako anakuona. Ni adabu yetu, na ilikuwa adabu mbaya siku ile, kwa sababu kule kwenye moto alibaki mtu mmoja.

Mama Pacha aliinuka, mwiko mkononi. Alitazama uwanja mtupu upande wake, akatutazama sisi tuliobanana kwenye mizani. Hakulia. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayetaja bei ya muhogo:

"Bale basoda bakiondoka, bengine banaingia. Mama yangu iko pale njiani."

Basoda ni askari, kwa lugha yao. Kisha akachutama tena akasukuma kuni.

Nitasema kweli: sikuongozwa na busara, msije mkanipamba. Ilikuwa hasira. Nani aliwaambia mnionee huruma? Nimemzika nani? Binti yangu mzima, anafunga watu majeraha, nanyi mnanigusa bega! Na yule mwanamke amebaki peke yake, mama yake yuko kule njiani, na hakuna hata mmoja aliyemgusa yeye. Damu ikanipanda. Nikawasukuma walionizunguka, nikakata uwanja. Hatua kama thelathini hivi. Nikafika kwenye moto, nikageuka, nikasimama kando ya Mama Pacha nikiwatazama wote.

Ng'ombe mmoja tu alikuwa anacheua.

Ndipo nikagundua miguu yangu imesema nini. Imesema wakae. Imesema mwanangu akae kule. Jasho likanitoka. Nilitaka kurudi, nawaambieni, ruhusa ya kurudi ilikuwepo, kwenye mbina watu huhama watakavyo. Lakini mimi sijawahi kurudi nyuma mbele za watu.

"Nataka arudi," nikamwambia Mama Pacha kwa chini, midomo imekazwa. "Unanisikia? Nataka mwanangu arudi nyumbani."

"Nasikia, baba," akasema. "Na miye namutaka mama."

Akanimiminia chai. Nikaipokea kabla hajamaliza, tukamwaga nusu. Machozi yakanishuka pale, mchana kweupe, mbele ya watu ambao nimewafokea maisha yangu yote, na sikuyafuta.

Mwalimu alivuka wa kwanza, amejificha ndani ya koti lake. Wakafuata wengine, wengine wakabaki. Yule wa Geita alibaki upande wa mizani, amekunja mikono, na nilimheshimu kwa hilo. Hatukuhesabu. Honi ya lori ilisikika kutoka barabarani na watu wote wakakimbilia mafurushi yao.

Jumapili nilipanda kichuguu. Simu ilichelewa. Nikavua kofia, nikavaa, nikavua. Ilipoita niliitikia marahaba kabla hajasalimia.

"Baba, vipi? Unahema."

Nikamwambia. Sikupamba. Nikamwambia tulibishana, nikamwambia nilipiga bati, nikamwambia wote walikuja upande wangu, kisha nikamwambia nilikwenda kusimama wapi. Nikamwambia pia habari ya bibi anayeuza unga wa muhogo, nikataja mji aliko. Akasema ni mbali na kambi yao, mwendo wa kutwa nzima, lakini ataulizia kwa wanaopita njia ile. Kisha akarudia yale ya mwanzo.

"Ulisimama upande wa wakae?" akauliza.

"Ndiyo."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu wote. Kutoka kwenye mizani hadi kwenye moto, peke yangu."

"Uliiacha mizani?"

"Niliiacha."

Nikamsikia anavuta pumzi, na sauti ilipokuja ilikuwa ile ya mtoto aliyetoka kwenye pamba.

"Mwaka mzima nimekuwa nimesimama pale ghalani, baba. Kila siku nakuwa nimesimama pale, namba zinacheza, sijui nikae au niende. Sasa umeinua kichwa ukaiacha mizani, umenitoa." Akalia kidogo, akacheka. "Nimetoka, baba. Sasa naweza kurudi."

Nilikuwa nimekuja na maji kwenye chupa ya soda, nimeificha ndani ya koti, nikaona haya hata mbele ya kichuguu. Nikanywa funda. Nikapuliza kuelekea magharibi, yakarudi na upepo yakanilowesha shati.

"Nenda urudi," nikasema kwenye simu.

"Haya, baba. Wabeja."

Mke wangu alikuwa ananingoja chini, kanga imefungwa kifuani, ananitazama shati.

"Kasemaje?"

"Kasema anarudi."

"Lini?"

"Hakusema lini."

Wakubwa bado wanakutana, redio inasema hivi leo, kesho vile. Kila Jumapili nipo juu ya kichuguu.